Miaka Kumi na Mmoja Kabla ya Amina

Kwa miaka kumi na mmoja dada yangu hakuwahi kumaliza Baba Yetu.

Sisemi ile ya kanisani. Ile aliisema na watu wote, na mchungaji akisema Amina, naye alisema Amina. Nasema ile yake mwenyewe, ya magotini, kando ya kitanda, saa kumi na moja alfajiri kabla nyumba haijaamka. Hiyo aliianza mara elfu na zaidi, wala hakuifikisha mwisho. Najua, kwa sababu nilihamia kwake nilipoingia kidato cha kwanza, na ukuta kati ya chumba chao, yeye na mumewe, na changu ulikuwa wa mbao tu. Nilimsikia akianza, akinyamaza, akishusha pumzi, akianza tena.

Alifariki wiki sita zilizopita. Wengi walimjua kwa jina la Tano-Tano bila kujua lilitoka wapi. Wengine walikuwepo siku ya mazishi, wakasikia ile simu iliyolia kaburini, wakaenda kusimulia kama kioja. Haikuwa kioja. Ili mtu aielewe simu ile inabidi amjue dada yangu tangu dirisha la dawa, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Dada alikuwa mgawa dawa katika kituo cha afya. Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo lenye kizingiti cha mbao kilicholainika kwa viwiko vya wagonjwa. Nyuma yake palikuwa na rafu za makopo makubwa, kila kopo vidonge elfu moja, na mbele yake sahani ya bati na kisu butu. Alimimina vidonge kwenye sahani, akavivuta kwa kisu vitano vitano hadi ukingoni, tano, kumi, kumi na tano, kisha akavitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Kwa wasiojua kusoma alichora juu ya bahasha jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. Jua lake lilikuwa na macho na meno. Mwezi wake ulikuwa umesinzia. Kuna watoto waliokubali kumeza dawa chungu kwa ajili ya mwezi ule tu.

Mwaka wake wa kwanza kazini alifanya kosa. Alikuwa anamhesabia mama mmoja vidonge thelathini vya homa ya mapafu, akapita muuguzi, akamsalimu. Dada akaitika, akauliza habari za nyumbani, akaambiwa za wazima na za wagonjwa, kisha akaendelea kuhesabu pale alipodhani ameishia. Siku ya saba yule mama alirudi akiwa ameshikwa huku na huku, bahasha tupu mkononi. Alikuwa amepewa kumi na tano.

Alilazwa, akapona. Dada alimfuata kitandani akamweleza ukweli wote. Yule mama akacheka, akasema, "Si nimepona? Basi yaishe." Lakini kwa dada hayakuisha. Tangu siku ile alijiwekea sheria: ukisemeshwa katikati ya kuhesabu, unarudisha vyote kwenye kopo, unaanza moja.

Foleni ililalamika. "Tano-Tano, leo tutalala hapa!"

"Laleni," alijibu bila kuinua macho. "Mkiamka mtapata dawa kamili. Haya, mmenisemesha, naanza upya."

"Jamani, nyamazeni! Huyu ataturudisha kwa Adamu!"

Kwa vidonge, ile ilikuwa sheria nzuri. Tabu ni kwamba aliibeba hadi nyumbani, akaipeleka mbele za Mungu.

"Mtu nilimpunguzia dawa kwa ajili ya salamu tu," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Na Mungu je? Nimpe sala ambayo nusu yake nilikuwa nawaza maharage?"

Kwa hiyo akipiga magoti akafika katikati, na maharage yakapita kichwani, alirudi mwanzo. Akisikia bomba linavuja, mwanzo. Akikumbuka kopo fulani la dawa linakaribia kuisha, mwanzo. Na hayo ni ya kichwani. Ya nyumbani yalikuwa mengine.

"Mama, sare yangu iko wapi?"

"Kwenye kamba. Baba..."

"Kwenye kamba haipo!"

"Basi kwenye kiti. Baba Yetu..."

"Mama, huyu kavaa soksi yangu!"

Hapo kimya kifupi, pumzi ndefu, na kutoka mwanzo. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake iko mbele ya nyumba. Saa kumi na mbili kamili alikuwa anawasha mashine ya kusagia chuma, na sauti yake, anayeijua anaijua. Kwa sala ya dada ule ndio ulikuwa mwisho wa asubuhi.

Shemeji ni mtu wa mzaha. Siku moja chai ikiwa imepoa mezani alisimama mlangoni mwa chumba akasema, "Mke wangu, huo mwanzo Mungu ameshaujua. Leo mpe mwisho."

Mama mkwe wa dada, alipokuja kutembea, alikaa siku tatu akisikiliza, siku ya nne akauliza watu wote sebuleni, "Hivi mwanangu ameoa mtu au gari la kusukumwa? Kila alfajiri linaguruma, linaguruma, haliwaki."

Dada alicheka na wenzake. Alijua kucheka. Lakini mimi wa nyuma ya mbao nilijua kwamba baada ya kicheko kile alikuwa anarudi chumbani kutafuta kitenge, na kukitafuta kule kulichukua muda mrefu, na akitoka macho yalikuwa mekundu.

Akaona asubuhi haimfai, akahamia mchana. Saa sita dirisha la dawa lilifungwa kwa nusu saa, wagawa dawa wapate kula. Alikaa juu ya kopo tupu nyuma ya rafu, akafumba macho. Na hapo ndipo alipoingia Nimemeza.

Nimemeza alikuwa mzee mmoja fundi viatu, mwenye presha, mjane, anayeishi peke yake. Alikuwa anasahau dawa hadi akaanguka mara mbili barabarani. Dada alimwambia, "Baba, kila siku saa sita ukishameza, nipigie unijulishe. Usipopiga, nakuja mwenyewe na kopo la maji." Mzee akaona ni neno la heri. Akapiga siku ya kwanza, ya pili, na hakuacha tena. Dada alimwekea mlio wake peke yake, sauti ya jogoo, ili asiikose simu hata kama yuko stoo. Mzee alikuwa hasikii vizuri, na kama wengi wasiosikia vizuri, alidhani na wengine hawasikii.

"NIMEMEZA!"

"Asante, baba. Umekula lakini?"

"NIMEKULA! NA WEWE UMEKULA?"

"Bado, nasali."

"HAYA, NISALIMIE!"

Sikujua alitaka asalimiwe kwa nani, lakini ndivyo alivyosema. Na sala ya mchana ikarudi mwanzo.

Mwaka wa kumi mambo yaligeuka kuwa mazito. Dada aliacha kwenda mezani kwa Bwana. Jumapili ya ushirika watu waliinuka benchi baada ya benchi, na yeye akavuta magoti pembeni watu wapite, akabaki. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Mara ya tatu nilimuuliza tukiwa njiani.

"Siendi na sala nusu," alisema.

"Dada, nani ana nzima?"

"Wewe unamaliza?"

"Namaliza."

"Basi unanishinda. Mimi nikimaliza mara moja tu, hata mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumpunguzia, nitakwenda mezani. Kabla ya hapo naona aibu."

Nilikuwa namaliza, ndiyo, lakini ningeulizwa nilikuwa nawaza nini katikati nisingesema. Mchungaji naye alikuja nyumbani. Alimwambia maneno mazuri ya neema, na dada akayakubali yote, akampa chai, na Jumapili ya ushirika akabaki tena kwenye benchi. Alikaa hivyo mwaka mzima. Alianza kusema kwamba huenda kuna watu ambao Mungu hakuwaumba kwa ajili ya kusali, kama vile kuna watu wasio na sikio la kuimba. Alilisema jambo hilo kwa upole, huku anapiga pasi, kama mtu anayesimulia ya jirani. Nililiogopa kuliko machozi.

Kisha kituoni akahamishiwa mfamasia mpya, mama mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni, wa rika la dada. Alikuja na kibao cha plastiki cha kuhesabia vidonge. Dada ndiye aliyenionyesha baadaye, kwa hiyo nakijua: kina uwanja katikati wa kumimina vidonge, na ukingoni vishimo kumi na viwili, kila kishimo kinakaa vidonge vitano, havizidi. Unavuta vitano kwa kisu, vinaingia kishimoni. Ukimaliza vishimo vyote una sitini.

Siku ile ya kwanza mfamasia alisimama nyuma yake akimtazama anavyofanya kazi na kibao kipya. Dada alikuwa amejaza vishimo saba. Mgonjwa akauliza dirishani, "Samahani, choo kiko wapi?" Dada akamwelekeza. Kisha akachukua kibao, akakipindua, vidonge vyote vikarudi kwenye kopo.

"Ala!" mfamasia akasema. "Umefanya nini?"

"Nimesemeshwa. Naanza upya."

"Kwa nini?"

"Nimeshatoka kwenye hesabu."

"Wewe umetoka. Vidonge vimetoka?"

Dada akashika kopo, tayari kumimina tena.

"Mama, hebu sikiliza. Vile vilivyoingia kishimoni vimeingia. Havikusikia habari za choo. Ulichopoteza ni hivi tu vilivyokuwa chini ya kisu, viwili au vitatu. Hivyo virudishe. Vingine vina kosa gani?"

"Nina uhakika gani?"

Mfamasia akavuta kiti, akakaa. "Haya. Mimina sitini. Na mimi kazi yangu ni kukusumbua."

Akamsumbua kweli. Alimuuliza majina ya watoto wote na wamezaliwa mwezi gani. Alimsimulia habari ya jirani yake aliyenunua kabati lisilopita mlangoni. Alimwomba kalamu, akasema si hiyo, ile nyingine. Kila mara dada alijibu, akarudisha vile vya chini ya kisu, akaendelea na kishimo kinachofuata. Akajaza kumi na viwili. Mfamasia akavimwaga kwenye karatasi, akasema, "Hesabu kimoja kimoja, mimi kimya."

Vilikuwa sitini.

Wakarudia. Sitini. Wakarudia mara ya tatu, na safari hii mfamasia aliimba. Sitini.

Dada aliniambia kwamba alikaa akikitazama kile kibao hadi mtu wa dirishani akakohoa mara mbili. Hakuona maono, wala hakusikia sauti. Aliona vidonge vimekaa kwenye vishimo vyao, vimetulia, wakati yeye alikuwa anazungumza habari za kabati. Akajiuliza: neno nililomwambia Mungu kwa moyo wangu wote, kisha mtoto akaniita, lile neno lilikwenda wapi? Lilirudi kwenye kopo? Nani alilirudisha? Na akajijibu mwenyewe kwamba hakuna aliyelirudisha isipokuwa yeye. Miaka yote ile Mungu alikuwa anapokea, na yeye alikuwa anapindua kibao.

Ilikuwa saa mbili na dakika kadhaa asubuhi, foleni imefika hadi kwenye bomba la kunawia. Hakupiga magoti, kwa kuwa asingeweza. Alisema maneno mawili ya kwanza ya Baba Yetu kimoyomoyo, kwa moyo wote, akayaacha pale yalipoingia. Akahudumia watu wanne. Akapata nafasi ya pumzi moja, akasema kipande kinachofuata. Mtoto akatapika mbele ya dirisha. Akatoka na ndoo, akapiga deki, akamfuta mtoto mdomo, akarudi, akanawa, akauliza moyoni, nilikuwa nimefika wapi? Akakumbuka. Akaendelea kutoka hapo. Saa sita jogoo akawika.

"NIMEMEZA!"

"Asante, baba. Nami niko kwenye mkate."

"MKATE NA NINI?"

"Mkate wa kwenye Baba Yetu!"

"HAYA, KULA UNYWE NA MAJI!"

Anasema alicheka hadi akashika rafu, na alipomaliza kucheka mkate ulikuwa bado uko pale, unamsubiri. Kwenye makosa alikaa kuanzia saa saba hadi saa nane na nusu, kwa sababu palikuwa na mtu wa kumsamehe, na huyo mtu ni mgawa dawa mmoja wa zamani aliyempunguzia mama mmoja vidonge kumi na tano. Anasema kile kishimo kilikuwa kigumu kujaa kuliko vyote. Lakini kilijaa.

Saa tisa na robo alasiri, akiwa anamkabidhi mwanamume mmoja chupa ya dawa ya kikohozi, alifika. Alitamka kwa sauti, mbele ya foleni nzima:

"Amina!"

Yule mwanamume akashtuka, chupa mkononi. "Amina na kwako, mama. Sasa hii ni vijiko vingapi?"

Alifika nyumbani anatembea kama msichana. Shemeji alikuwa amevaa miwani yake ya kuchomelea, cheche zinaruka. Dada hakungoja azime.

"Nimemaliza!"

"Umemaliza nini?"

"Baba Yetu!"

Shemeji akazima mashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Ile ya mwaka gani?"

"Ya leo! Nimeianza saa mbili, nimeimaliza saa tisa na robo!"

"Saa saba nzima?" Akamtazama, akaona uso, akaacha mzaha. Shemeji yangu si mtu wa kulia. Alivua glavu moja, akaivaa tena, akaivua. "Basi twende ndani," akasema. "Leo nafunga mapema."

Jumapili iliyofuata ya ushirika, benchi letu lilipofikiwa, dada aliinuka kabla ya zamu yake. Ilibidi nimvute gauni. Alikwenda mezani akiwa wa kwanza kwenye mstari wetu, na aliporudi alikaa, akanikanyaga mguu kwa furaha, kama alivyokuwa akinikanyaga nilipokuwa mdogo. Mjukuu wa mtu alikuwa analia nyuma yetu, feni lilikuwa linagonga, na mama wa kwaya alikuwa amedondosha daftari. Nilimwona dada anageuka kutazama daftari, kisha anarudi mbele, polepole, bila ugomvi na nafsi yake.

Baada ya hapo aliishi miaka kumi na minne. Siwezi kusema hakusumbuliwa tena. Alisumbuliwa zaidi, kwa sababu wajukuu walikuja, na uzee wa mama mkwe ulikuja, na shemeji alinunua mashine kubwa zaidi. Wala sala zake zote hazikuchukua saa saba. Nyingine zilikwenda dakika tano, nyingine siku mbili. Lakini niliyemjua akishusha pumzi nyuma ya mbao sikumsikia tena akiishusha. Mtoto akiita, "Bibi!" alisema, "Abee," akaenda, akafunga kamba ya kiatu, akarudi. Alipoombwa afundishe wanawake wa kanisa kuhusu kusali, alikwenda na kile kibao. Alimwaga maharage badala ya vidonge, akawaambia wamsumbue. Wanawake hawakuhitaji kubembelezwa. Nadhani hakuna mkutano uliocheka kama ule, na mmoja wao, aliyekuwa ameacha kusali tangu azae mapacha, alilia akicheka.

Mama mkwe, mwaka wa mwisho wa maisha yake, alimwita dada karibu na kitanda. "Mkwe, gari lako siku hizi linawaka?"

"Linawaka, mama. Linasimama kila kituo, lakini linafika."

"Basi na mimi nipakie," bibi alisema, na tangu siku hiyo walisali pamoja.

Ugonjwa wa dada ulikuwa wa figo, na ulikwenda haraka. Alilazwa wodi ya vitanda sita, yenye televisheni ukutani iliyokuwa imekwama kwenye sauti ya juu. Nilikaa naye mchana. Siku mbili kabla ya mwisho aliniambia asubuhi, "Leo naanza moja ndefu. Unisaidie kukumbuka."

Alianza. Muuguzi akaja kupima presha. Dada akamuuliza kama mtoto wake ameacha kuharisha, na kama anampa yale maji ya chumvi na sukari kwa kipimo. Muuguzi akaondoka. "Ulikuwa kwenye mapenzi yake," nikamkumbusha. Akaendelea. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akaomba maji; akanituma. Kwenye televisheni watu wakagombana. Shemeji akaja na uji, wakazungumza habari za ufunguo wa stoo na nani amelipaka rangi lile geti. Saa sita jogoo akawika, na sauti ya mzee ikajaza wodi nzima. Dada hakuwa na nguvu za kupaza sauti, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitika, "Asante, baba!" na yeye akaongeza kwa midomo tu, "Umekula?" nami nikauliza.

"Sasa wapi?" nikamuuliza baadaye. "Kwenye makosa?"

"Hapo nimepita. Hakuna mtu aliyebaki." Akatabasamu. "Twende mbele."

Saa kumi jioni, jua limeingia dirishani hadi kwenye shuka, alisema Amina. Aliisema kwa sauti iliyomfanya yule wa kitanda cha tatu ageuke na kuitikia. Nikamuuliza kama anataka kuanza nyingine. Akatikisa kichwa. "Vimejaa vyote," alisema. Keshokutwa yake asubuhi alituacha, shemeji amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Nimelia, na bado nalia. Nalia hata nikiona bahasha ya dawa. Ila niliyoyaona makaburini sitaki yapotee.

Tulikuwa wengi, maana aliyekuwa amewahi kusimama kwenye foleni ile alikuja. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Mchungaji akaanzisha Baba Yetu, watu wote wakaipokea. Tukawa tumefika kwenye mkate, na jogoo akawika.

Aliwika kutoka mfukoni mwa shemeji. Simu ya dada, shemeji alikuwa anatembea nayo tangu msiba, hakuwa na moyo wa kuizima. Sala ikakatika. Watu wakageuka, wengine kwa hasira, na mama mmoja akasema, "Jamani, hata hapa?" Shemeji akaitoa, akaitazama. Nilidhani ataizima. Akaitika.

"NIMEMEZA!"

Makaburi yote yalisikia. Mzee alikuwa kwa binti yake, mji mwingine, siku mbili zile alikuwa amepiga bila kuitikwa, na hakuna aliyekuwa amemfikishia habari.

"Asante, baba," shemeji akasema. "Umekula?"

"NIMEKULA! MWENYEWE YUKO WAPI?"

"Amepumzika, baba. Mwenyewe amepumzika juzi. Ndiyo tunamzika sasa hivi."

Upepo ulikuwa unachezea shada la maua. Kisha mzee akasema, kwa mara ya kwanza tangu nimjue kwa sauti ya chini, "Sasa kesho nimpigie nani?"

"Unipigie mimi," shemeji akasema. "Namba ni hii hii. Saa sita. Usipopiga, nakuja na kopo la maji."

"Haya," mzee akasema. "Endeleeni. Nisalimieni."

Shemeji akarudisha simu mfukoni. Akajifuta uso kwa mkono wote, akamtazama mchungaji, kisha akatutazama sisi, umati ule wote, akauliza kama alivyokuwa akimsikia mke wake akijiuliza nyumbani miaka yote:

"Tulikuwa tumefika wapi?"

Wanawake wa kanisa ndio waliojibu kwanza, wale wa maharage. Kisha wagonjwa wake, kisha mfamasia mnene ambaye machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye tabasamu. Walijibu pamoja, kwa nguvu, kama darasa linalojua jibu:

"Kwenye mkate!"

Hakuna aliyerudi mwanzo. Tulianzia pale pale, kwenye mkate, tukapita kwenye makosa, tukapanda hadi mwisho, na tulipofika Amina niliisikia ikitoka kwangu na kwa watu wote kwa mshindo mmoja, hadi wachimba kaburi waliokuwa wamekaa mbali kwenye kivuli wakasimama na kuvua kofia.